Habari Iliyobaki Mfukoni

Msimu wa kusi mwaka jana, tahadhari ya upepo mkali ilitufikia kwenye simu asubuhi ya Ijumaa. Sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti ndio wenye jukumu la kusoma matangazo baada ya swala. Siku hiyo tulisoma michango ya paa na ratiba ya madrasa. Tahadhari ile tukaisahau mfukoni. Jioni ngalawa mbili za ndugu zetu zikatoka. Zilirudi alfajiri zikiwa nusu zimejaa maji, watu wote wakiwa salama, alhamdulillahi. Mzee mmoja akatuuliza kwa upole: "Katibu, mwanangu, habari ulikuwa nayo?" Tukajibu kuwa tulikuwa nayo. Hakusema zaidi.

Aibu hiyo ndiyo iliyotupeleka kusoma jinsi mabaharia wa mbali wanavyoonywa, hasa wale wapitao bahari za barafu karibu na ncha za dunia, ambako kosa dogo huwa msiba.

Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, huganda yanapofika takriban nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sifuri. Barafu hiyo haitulii. Upepo na mikondo huisukuma, ikapasuka na kuacha njia, kisha njia ile ile ikajifunga kwa saa chache na kuibana meli. Barafu iliyodumu miaka kadhaa ni ngumu kuliko ya msimu mmoja, na nahodha asiyeitambua huhatarisha ubavu wa chombo chake. Hata pasipo barafu majini, matone ya mawimbi huweza kuganda juu ya sitaha hadi meli ikazidiwa uzito juu na kupinduka.

Wataalamu huanza kwa kutazama. Setilaiti zenye rada huiona barafu kupitia mawingu, na hata katika usiku wa majira ya baridi unaodumu kwa miezi. Picha hizo huchorewa ramani; kisha kompyuta hupewa hali ya upepo, mikondo na joto la maji, ili ikadirie barafu itakuwa wapi siku zijazo. Kadiri siku zinavyokuwa mbali, ndivyo wanavyozungumza kwa uwezekano badala ya yakini. Hatukuona humo madai ya kujua ghaibu. Tuliona watu wanaopima walichojaaliwa kukiona, na kukiri mpaka wa elimu yao. Mpaka huo upo: Novemba 2021 barafu iliwahi kuganda katika njia ya kaskazini mwa Urusi, na meli kadhaa zikanaswa, zikahitaji kufunguliwa njia na meli za kuvunja barafu.

Lakini lililotuchoma zaidi ni la zamani. Tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic ilipokea kwa redio maonyo kadhaa ya barafu. Moja, kutoka meli ya Mesaba, lilihusu eneo lile lile ililokuwa ikiliendea. Halikufika kwenye chumba cha usukani. Usiku huo Titanic iligonga mlima wa barafu, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Habari ilikuwapo, aliyeihitaji hakupewa.

Baada ya msiba ule mataifa yalianzisha doria ya barafu katika Atlantiki ya Kaskazini. Na tangu tarehe 1 Januari 2017, kanuni za kimataifa zinazitaka meli ziendazo maeneo ya ncha za dunia ziwe na njia ya kupokea taarifa mpya za barafu. Walimwengu wamejifunza kwamba utabiri usiomfikia nahodha ni sawa na usiokuwapo.

Nasi tumejifunza. Siku hizi tahadhari ya bahari ndiyo tangazo letu la kwanza, kabla ya michango. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Na aliyeshika kamba ya ngamia wa mwenzake, amana imo mkononi mwake. Enyi wazazi wenye vijana baharini, msimwachie katibu peke yake. Kabla kijana hajashusha chombo, mwulizeni: habari ya bahari ya leo umeisikia?