Shujaa aliyeliliwa mara mbili

Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma. Watoto wa kambi walimuita Tate Treize. Mwaka 2024 alikuwa mzee wa miaka 60, mtu wa Rutshuru, aliyefika hapa na familia yake mwishoni mwa mwaka 2022, vita vilipofika kwao. Huko aliacha shamba la maharagwe, mbuzi sita na nyumba ya mabati. Hapa alikuwa na kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano.

Jina la Treize lilitokana na mpira. Hilo tutalieleza. Kwanza lisemwe jambo moja ambalo majirani wote walilijua: tangu afike kambini, mzee huyu hakuwahi kupanga mstari. Si wa maji, si wa unga. Aliyepanga ni mjukuu wake wa miaka 12. Mzee aliona haya. Mtu aliyekuwa akiwagawia wengine maharagwe kwa kipimo chake mwenyewe hakuweza kusimama na bakuli mkononi, mbele ya watu waliokuwa wakimjua.

Mwezi wa pili 2024, Leopards walikuwa Côte d'Ivoire kwa Kombe la Afrika. Kambi nzima ilikuwa inasikiliza. Jioni moja vijana walikuwa wamekusanyika kwa mwenye kuchaji simu, na mmoja wao akawaonyesha video ya zamani: Zaire na Brazil, Kombe la Dunia 1974. Brazil wana frikiki. Kabla hawajaipiga, mchezaji mmoja wa Zaire anachomoka kwenye ukuta, anakimbia na kuubutua mpira mbali. Vijana walicheka mpaka machozi. Mjukuu ndiye aliyecheka zaidi.

“Tate, huyu hakujua sheria za mpira?”

Mzee alikuja akaketi katikati yao. “Huyo ni Mwepu Ilunga,” akasema. “Mimi nililia kwa ajili yao. Ninyi mnacheka.”

Mwaka 1974 alikuwa na miaka 10. Katika kijiji chao redio ilikuwa moja, ya mwalimu, na pile zake zilianikwa juani mchana kutwa ili zidumu mpaka usiku. Mwezi wa tatu redio hiyo ilitangaza kutoka Misri. Fainali ya Kombe la Afrika, Zaire na Zambia, ilikwisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Magoli yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja: Ndaye Mulamba, mtoto wa Luluabourg, mchezaji wa Vita Club. Katika mashindano hayo alifunga magoli 9. Hakuna mchezaji mwingine aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Watu walimuita Volvo, wengine Mutumbula, jina la kutisha watoto. Mtoto huyu wa Rutshuru hakutishika. Alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika 13 mgongoni mwa shati lake la pekee, namba ambayo Ndaye aliivaa Ujerumani. Alichapwa na mama yake kwa shati hilo, na jina la Treize likabaki.

Kisha ikaja Ujerumani yenyewe. Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Uskoti waliwafunga 2-0, na kijijini watu walisema si vibaya. Tarehe 18 mwezi wa sita ikawa zamu ya Yugoslavia. Baada ya goli la tatu, kipa Kazadi alitolewa. Muda mfupi baadaye mwamuzi alipigwa teke. Aliyempiga ni Mwepu Ilunga, lakini kadi nyekundu akapewa Ndaye. Mechi ikaisha 9-0. Mwalimu alizima redio kabla ya mwisho, akasema pile zimeisha. Kila mtu alijua hazijaisha.

Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza yaliyokuwa nyuma ya ile frikiki. Wachezaji hawakuwa wamelipwa pesa zao. Baada ya zile 9, watu wa Mobutu waliwaonya kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya magoli matatu, wasirudi nyumbani. Sheria alizijua. Alichokifanya ni kwa hasira, na kupoteza muda. Brazil walishinda 3-0, wakaweza kurudi.

Vijana hawakucheka tena. Mmoja akauliza, “Na Ndaye?”

Hapo mzee alinyamaza kidogo. Kuhusu Ndaye, alisema, yeye alidanganywa. Mwaka 1998, Kombe la Afrika likiwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye amefariki katika mgodi wa almasi Angola. Uwanjani watu walisimama dakika moja kumkumbuka. Huko Rutshuru, mzee huyu, wakati ule baba wa watoto wanne, hakwenda shambani siku mbili.

Lakini Ndaye alikuwa hai. Mwaka 1994 aliheshimiwa Tunisia kwa magoli yake, na aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia na kumpiga risasi mguuni, wakidhani amerudi na pesa. Miaka miwili baadaye, vita vikianza, alikimbilia Afrika Kusini. Wakati Afrika inasimama kumlilia, yeye alikuwa Cape Town, mkimbizi asiyejulikana, akilinda magari ya watu kwenye maegesho.

Alipofariki kweli, Johannesburg, tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, mzee alisikia habari redioni na hakuiamini. Alingoja siku tatu, redio ikitaja jina lile lile, ndipo akakubali. Mwepu alikuwa amekwisha tangulia, mwaka 2015.

Mjukuu alikuwa anawaza jambo lingine.

“Tate, mtu aliyefunga magoli 9, akalinda magari? Hakuona haya?”

“Sijui,” mzee akajibu. “Najua tu kwamba alikula kwa kazi ile.”

Jumatano tarehe 7, Leopards walicheza nusu fainali na Côte d'Ivoire, mjini Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kando ya kichwa, kama bunduki. Kambini, wenye simu waliwaonyesha wasio na simu. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta maharagwe akasema, “Kumbe wanatujua.” Mechi ilikwisha 1-0, Leopards wakatolewa. Mjukuu alilia. Mzee hakumwambia anyamaze. Alimfunika kwa kitenge, akakaa naye mpaka usingizi ulipomchukua.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kugawiwa unga. Mtoto aliamka, akatafuta bakuli na kadi, asivione. Alitoka mbio akidhani vimeibwa. Mstari ulikuwa umefika barabarani. Katikati, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na kijana wa Kibumba, alimwona babu yake amesimama, bakuli chini ya kwapa, anazungumza na watu kuhusu penalti ambayo Leopards wangepaswa kupewa.

“Rudi nyumbani,” mzee akamwambia. “Wenzako wanacheza. Wanakosa mtu wa mbele.”