Kuuliza Si Utovu wa Adabu

Katika mila zetu mtoto hufunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa, asiingilie maneno yao wala kuyahoji. Mafunzo hayo ni mema, nasi tumelelewa nayo. Lakini wahenga hao hao ndio walionena: Kuuliza si ujinga. Hivyo yatupasa kutazama ni ukimya upi ulio adabu na upi ulio hasara.

Jirani yetu anaye binti asomaye kidato cha pili. Jioni moja alitujia na daftari lake, akatuamkia, akaketi ukingoni mwa mkeka. Swali lilihusu jiwe la gramu 240 lililotumbukizwa katika chombo cha maji, na maji yakapanda kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 130. Alitakiwa kutafuta densiti ya jiwe hilo. Tulimwuliza ni wapi palipomshinda.

"Mzee, kutoa na kugawanya naweza," akajibu. "Sijui wameniuliza nini."

Swali lilikuwa la Kiingereza, naye alijifunza hesabu kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi tangu 1967. Basi tulijaza maji kopo, tukatumbukiza jiwe la uani, tukamwuliza kwa nini maji yamepanda.

"Jiwe limechukua nafasi yake."

"Nafasi kiasi gani, katika swali lako?"

Alitoa 50 katika 130, akapata 80. Akagawanya 240 kwa 80, akapata 3. Kisha uso ukamkunjuka: "Kumbe kila sentimita moja ya ujazo wa jiwe hili ina gramu tatu!"

Tulitaka kujua kwa nini hakuuliza darasani. Alisema aliwahi kunyoosha mkono, wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hanyooshi tena.

Kicheko hicho si kigeni katika nchi hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona maziwa yaliyotiwa katika jokofu yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyotiwa bila kuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amekosea, akachekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake wakacheka tena. Mgeni hakucheka, bali alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao, na hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, nalo laitwa kwa jina la Mpemba.

Tukumbuke kwamba Mpemba aliuliza mara ya pili. Wangapi waliuliza mara moja tu, wakanyamazishwa, na maswali yao yakafa nao?

Kwa hiyo twawasihi walimu: mwanafunzi asemapo hakuelewa, kwanza mchunguze kama kilichomshinda ni hesabu au ni lugha ya hesabu, maana dawa zake ni mbili tofauti. Nanyi wanafunzi, msimcheke anayenyoosha mkono. Huenda anauliza kwa niaba yenu. Taifa lililojenga lugha yake likaipa maneno ya sayansi halina budi kuwapa watoto wake na ujasiri wa kuyatumia. Adabu ni kusikiliza jibu hadi mwisho. Haijapata kuwa kuficha swali.