Kufuli Halimjui Mwenye Nyumba

Mwezi huu twende Rumonge. Ukitoka Bujumbura unashika barabara ya kusini, ziwa Tanganyika mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Ukishapita kilomita 70 hivi, ni michikichi tu, na harufu ya mawese na dagaa.

Mwaka 1972 mauaji yalipoanza, watu wengi wa mwambao huu walifunga milango wakakimbilia Tanzania. Huku nyuma watu wengine wakapewa mashamba yao. Miaka mingi baadaye, kuna waliorudi wakakuta mlango una kufuli lingine.

Sasa kufuli lenyewe likoje ndani? Darasani tulibana kufuli bovu kwenye jiliwa, tukakata ubavu wake kwa msumeno wa chuma, tukalainisha kwa tupa. Ndani mna pini ndogo, kila moja vipande viwili, zinasukumwa na springi. Meno ya ufunguo yakizipanga mpaka maungio yote yakae mstari mmoja, silinda inazunguka, kufuli linaachia. Jino moja likikosea, basi, halifunguki.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, linamjuaje mwenye nyumba?" Halimjui. Linajua meno tu.

Ndiyo maana ufunguo wa zamani hautoshi. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, ilisikiliza mashauri ya namna hiyo, na hapo kinachotakiwa ni ushahidi. Basi wazazi, waambieni watoto jina la kilima, la jirani, la mto wa mpakani. Kufuli hubadilishwa kwa siku moja, hayo hayabadilishwi.