Kwa mwanangu, naibu mwalimu mkuu

Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Baba yako amenipigia simu kunieleza kuwa umepandishwa cheo. Hongera sana, umeifanyia kazi nafasi hiyo. Ratiba, chakula cha shule na mikutano ya wazazi utavizoea ukiwa kazini. Nakuandikia jambo moja ambalo halingoji uzoee: siku mtoto atakapokwambia kwamba kuna mtu mzima anamfanyia mambo ya aibu. Awe mwalimu, bawabu, ustadhi, mchungaji au mjomba wa nyumbani, na hata akiwa ndiye aliyewanunulia mabati ya darasa jipya.

Mtoto haji na maelezo yaliyonyooka. Atalalamika tumbo kila Jumatano. Atakataa kupeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu fulani. Wavulana nao hutendewa hayo, na wao hunyamaza zaidi, kwa hivyo usiwasahau. Akishaanza kusema, msikilize tu. Usimwekee maneno mdomoni. Mwambie amefanya vyema kukueleza, na usimwahidi siri, maana hutaweza kuitunza. Kisha andika alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa ya Kigiriama na yanakutia haya kuyaandika. Weka tarehe, saa na sahihi yako.

Katika shule moja niliyofundisha, msichana wa darasa la sita aliitwa ofisini akasimamishwa mbele ya wazee wa kamati, na mwalimu aliyemtaja ameketi ng'ambo ya meza. Akaambiwa, "Haya, sema tena." Alishika pindo la sketi yake, akawa analikunja na kulikunjua. Hakutoa neno. Mwenyekiti akafunga faili, akasema mtoto amekana. Muhula ulipokwisha mwalimu akahamishiwa shule nyingine, na msichana hakurudi. Watu wakapongezana kwamba jina la shule limeokoka.

Hilo jina la shule ndilo linaloponza watoto wetu. Kikao kile kilijipa kazi ambayo si yake. Shule haina uwezo wa kuchunguza kosa la jinai wala kulihukumu. Kazi yake ni kulifikisha kwa wanaohusika, na mapema. Waraka namba 3 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, wa mwaka 2010, unataka taarifa ya mwalimu anayemdhulumu mwanafunzi kimapenzi itolewe ndani ya saa 24, na anayeficha naye aadhibiwe. Uutafute uusome wote. Utaona kwamba mwalimu mkuu si mlango pekee: kuna polisi, kuna maafisa wa TSC, kuna idara ya watoto. Mkubwa wako akikwambia "tungoje kwanza", mheshimu, lakini taarifa iende siku hiyo hiyo.

Na kabla ya karatasi zote, hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Mtoto asiogeshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya kuonwa na daktari. Kama ameshabadilishwa, nguo zitiwe ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zipelekwe vivyo hivyo bila kufuliwa. Daktari ajaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, na ile ya P3 ya polisi. Polisi wakiandika kwenye kitabu cha matukio, usiondoke kituoni bila nambari ya OB. Mzazi asiyejua kusoma atarudishwa kesho na keshokutwa. Wewe uliyesoma, fuatana naye.

Watakuja wazee kutaka kupatanisha. Utasikia habari ya mbuzi, ya fedha, hata ya ndoa. Wapokee kwa adabu, wape maji, kisha uwaambie kwamba kesi ya unajisi ni ya Jamhuri, haimalizwi barazani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inampa kifungo cha maisha anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Kosa zito kiasi hicho baba hana ruhusa ya kulisamehe kwa niaba ya binti yake.

Najua utaniuliza, je, mwalimu akiwa amesingiziwa? Ni swali la haki. Asimamishwe kazi kwa muda, akae mbali na watoto, asitangazwe kijijini kuwa mkosaji, na uchunguzi ufanywe na wenye ujuzi. Hata asiye na hatia hasafishwi na kikao cha siri, kwa sababu minong'ono itamfuata kila aendako.

Lakini kumhamisha kimya kimya, hilo kataa kabisa. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi ya wanafunzi wawili wa shule ya msingi, aliiambia TSC wazi kwamba haifai kuwazungusha wanajisi kutoka shule hadi shule, kisha mwishowe kutosheka na kuwafuta kazi. Aliamua wasichana wale walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Nilifurahi, na nikakasirika pia, maana kila uhamisho wa namna hiyo humpelekea mtu huyo darasa jipya la watoto wasiomjua.

Taarifa ikishatoka, mtoto bado ni wako. Ataitwa mahakamani siku ya mtihani, wenzake watamcheka, pengine walimu watamnunia kwa kumpeleka mwenzao jela. Mpangie mitihani yake, na mwalimu atakayemtania umwite faraghani siku hiyo hiyo.

Shule zikifunguliwa, nenda ujitambulishe kwa afisa wa watoto wa eneo lenu na kwa dawati la jinsia kituoni, uchukue nambari zao kabla hujazihitaji. Na ile ya 116, ya kuwasaidia watoto, haitozwi pesa. Iandike kwa rangi kwenye ukuta wa vyoo vya wasichana na vya wavulana, mahali ambapo mtoto ataisoma bila kutazamwa. Rangi nitakutumia mimi.

Nisalimie baba yako.

Shangazi yako akupendaye