Nilimdanganya Baba kwa Sababu ya Treni

Najua nimepotea, UE zilinibana mpaka nikasahau nywila ya humu ndani. Leo nimekuja kuungama.

Wanaonijua wanajua mzee wangu ni dereva wa basi, njia ya Dar–Dodoma. Toka niko darasa la pili anapita Gairo na Kibaigwa kama mtu anayepita sebuleni kwake. Ada yangu, godoro la hosteli, hadi hii kompyuta ninayoandikia, vyote vimetoka kwenye ule usukani. Nikisafiri huwa nakaa kiti cha nyuma yake, bure, tunapiga stori njia nzima.

Sasa juzi wakati wa kurudi chuo mzee alikuwa mapumziko. Akanipa nauli, akaniambia panda basi la rafiki yake. Mimi na tamaa zangu nikaenda kupanda SGR. Jamani, karibu wote hapa chuo walishaipanda kasoro mimi, mtoto wa dereva! Treni ya umeme ilianza Dar–Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, Rais Samia akaizindua rasmi Agosti 1. Daraja la kawaida nilitoa 31,000.

Kusema ukweli, raha. Inafika kilomita 160 kwa saa na chai haimwagiki. Reli ya Mjerumani ilianza Dar 1905 ikaingia Dodoma 1910, miaka mitano. Mimi nilitumia saa tatu na nusu, na sehemu ya huo muda nilikuwa nimelala.

Nikiwa tayari chumbani, miguu kitandani, simu ikaita. Mzee.

"Mko wapi sasa hivi?"

Nikapiga hesabu haraka. "Gairo, baba."

"Gairo? Mbona sisikii injini?"

Nikaishiwa. Nikasema ukweli wote. Akanyamaza, nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Saa ngapi?" Nikamwambia tatu na nusu. "Mmh. Safari yangu ya mwisho nilitoka na abiria kumi na tisa," akasema. Hakuongeza neno. Wadau, ni heri angenifokea.

Baadaye akauliza, "Na kutoka stesheni mpaka chuo?" Hapo nikalalamika: begi mbili, ndoo, kagiza kanaingia, bajaji ikanikamua 10,000. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Yaani theluthi ya nauli ya Dar kwa kipande cha mjini! Hiyo treni yenu inawatupa mlangoni."

Maneno hayo yamenikaa kichwani. Rafiki yangu wa Chuo cha Mipango alishanisimulia habari za Nantes, Ufaransa. Wale waling'oa tramu yao ya zamani 1958, wakajuta, wakarudisha mpya 1985. Ni treni ndogo ya umeme inayopita katikati ya barabara za mji, unashukia karibu na unakokwenda. Tiketi ileile unapandia na basi, maana mtandao ni mmoja. Basi haligombanii abiria na tramu, linawapokea. Na Dodoma si kwamba haikufikiriwa: baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, mpango wa mji wa 1976 ulitilia mkazo watu kutembea kwa miguu na kupanda mabasi. Leo ukitaka kutoka Chimwaga kwenda mjini unajua mwenyewe unavyobanana.

Nilimpigia mzee jana nikamweleza hayo yote. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Hizo treni za mjini, zinaendeshwa na nani?"

"Madereva, baba. Wanafundishwa."

"Mwenye miaka hamsini na nne wanamfundisha?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia likizo ijayo nakuja na basi lako, kiti changu kilekile. Akasema, "Usinionee huruma, panda kinachokuwahisha. Ila usinidanganye tena uko Gairo."

Haya, niishie hapa, nina kipindi saa mbili asubuhi na maji yamekatika bloku yetu. Boom likitoka tutaonana. Na kama mzazi wako naye yuko barabarani, mpigie leo.