Tulivyotembea na nyanya katika misitu ya Dunkeld

AISIFUYE mvua imemnyea, na ile ya Uskoti imeninyea barabara. Hata hivyo, ukiniuliza leo ni wapi ningependa kuirudisha familia yangu kwa matembezi, nitakujibu bila kusita: Dunkeld.

Huu ni mji mdogo wa mashambani katika eneo la Perthshire, kando ya mto Tay. Ng'ambo ya mto kuna kijiji cha Birnam, na daraja la mawe linaloviunganisha lilijengwa na mhandisi Thomas Telford, likakamilika mwaka wa 1809. Kutoka mjini Perth kwa gari la moshi ni kama dakika 20 hivi. Misitu imeuzunguka mji, na upande wa kaskazini-mashariki kuna maziwa madogo yaliyofuatana kama shanga. Waskoti huliita ziwa "loch".

Tulifika huko mwezi wa Agosti. Dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Perth, alikuwa ametualika mimi na mama. Mama ana umri wa miaka 72, ni mkazi wa Kakamega, goti lake la kushoto humsumbua na hatembei bila mkongojo. Hakuwa amewahi kumtia machoni mjukuu wake, mvulana wa miaka tisa aliyezaliwa huko huko.

Siku tatu za kwanza zilinitia simanzi. Dada alikuwa kwenye zamu ya usiku, mchana akilala. Mtoto alijua maneno mawili tu ya Kiswahili, "jambo" na "chakula", na Kiingereza cha mama ni cha kuombea maji. Walikaa sebuleni wakiitazama televisheni kama abiria wawili wasiojuana. Na tulikuwa na majuma mawili tu!

Siku ya nne nikasema, potelea mbali, tutoke nje.

Mti wenye mikongojo

Tulianza na matembezi mafupi kuliko yote. Kutoka Birnam, njia huteremka hadi ukingo wa mto Tay na kufuata maji hadi kwenye mwaloni mkubwa uitwao Birnam Oak. Husemwa kuwa huo ni mmoja wa miti iliyobaki ya ule msitu unaotajwa na Shakespeare katika mchezo wa Macbeth, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1968 kwa jina la Makbeth. Mfalme aliambiwa hatashindwa mpaka msitu wa Birnam utembee kumfuata. Maadui zake wakakata matawi, wakajificha nyuma yake, na msitu ukatembea.

Leo mwaloni huo ni mzee hasa. Shina lake ni pana na lina uwazi ndani, na matawi yake ya chini yameegemezwa kwa nguzo. Mama aliutazama kwa muda, kisha akainua mkongojo wake na kuuonyesha.

"Huyu ni mwenzangu," akasema.

"Anko, nyanya amesema nini?" mvulana akaniuliza kwa Kiingereza. Nilipomfasiria aliangua kicheko, na mama naye akacheka. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza pamoja.

Msitu wa Hermitage

Kesho yake tulikwenda Hermitage, nje kidogo ya mji. Njia ni pana, haina mlima wa kumtesa mtu, na ni mwendo wa kama kilomita moja hadi kwenye maporomoko ya mto Braan. Juu ya maporomoko hayo kuna kibanda cha mawe kiitwacho Ossian's Hall, kilichojengwa katika karne ya 18 kwenye ardhi ya watawala wa Atholl. Ukisimama kwenye roshani yake, maji yananguruma chini ya miguu yako.

Lakini kilichomsimamisha mama ni miti. Ni jamii ya misonobari iitwayo Douglas fir, ambayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na mingine imepita urefu wa mita 50. Mama, aliyekulia karibu na msitu wa Kakamega, alitaka kuupima mmoja kwa njia ya kwao: kuukumbatia. Yeye na mjukuu wakashikana mikono kuuzunguka mti, wasiweze. Nikaongezwa mimi. Mama akahesabu, "Moja, mbili, tatu," na mtoto akarudia. Tuliporudi garini alikuwa amejifunza kusema mti, maji, jiwe na goti. Hilo la mwisho alilisikia mara nyingi kuliko yote!

Jambo lingine lilinishangaza. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 humruhusu mtu yeyote kutembea karibu kila mahali katika Uskoti, hata kwenye shamba la mtu binafsi, mradi asiharibu mimea wala kusumbua mifugo, na asiingie kwenye bustani za nyumba za watu. Ukilikuta lango limefungwa, lifunge tena ukishapita. Mimi niliyezoea seng'enge na "Mbwa Mkali" nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara kutazama kama tunafukuzwa.

Ziwa la ndege wasafiri

Dada alipopata mapumziko tulikwenda Loch of the Lowes, kama maili mbili kutoka mjini. Mama alipelekwa kwa gari. Mimi na mvulana tukafuata njia ya miguu. Kando ya ziwa kuna nyumba ya mbao yenye madirisha ya kuchungulia wanyama na ndege. Kuchakuro wekundu huja kula karibu kabisa na dirisha.

Wageni wengi hufuata ndege aitwaye osprey, aina ya tai anayevua samaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawindaji na wezi wa mayai walikuwa wamemmaliza Uingereza nzima. Akarudi kuzaa Uskoti katika miaka ya 1950. Hufika ziwani wakati wa machipuko, na msimu wa joto ukiisha huruka hadi Afrika Magharibi, nchi kama Senegal na Gambia. Tuliona kinda mkubwa kiotani, akilia adai samaki.

Mzee mmoja aliyekuwa akiwahudumia wageni alitueleza kuwa mama ndiye hutangulia kuondoka, na kinda husafiri peke yake.

"Ni nani humwonyesha njia?" mama akauliza. Dada akafasiri.

"Hakuna," mzee akajibu.

"Na hurudi?"

"Wanaosalimika hurudi, baada ya miaka miwili, mitatu."

Mama alinyamaza, kisha akamtazama dada. Ilikuwa imepita miaka 11 tangu aondoke nyumbani na sanduku moja. Dada akavua miwani yake akaipangusa, ingawa mvua haikuwa ikinyesha ndani.

Ukibahatika kufika huko na watoto, chukua koti la mvua na viatu visivyopitisha maji. Jioni za kiangazi kuna visubi wanaouma, na mkirudi nyumbani wakague watoto miguuni, kwani nyasini kuna kupe. Usiogope kuchelewa: mwanzoni mwa Agosti, saa tatu za usiku bado kuna mwanga.

Lakini si lazima upande ndege. Ukiwa na mzee na mtoto wasioelewana, watafutie njia yenye miti, kisha utembee kwa mwendo wa yule mwenye mkongojo.

Siku hizi kila Jumapili simu ya mama hulia. Kabla hata ya salamu, sauti ya kitoto kutoka Perth huuliza: "Nyanya, goti?"