Gari la Umeme na Maksai wa Baba

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo ni ya mabaharia, nasi tulizaliwa Hirbadaw, mbali na bahari, mahali ambapo macho hukomea kwenye Mlima Hanang. Hata hivyo, kila mvua zinyeshapo hutujia kichwani. Tunafika Katesh tumekalia kiti laini cha gari letu la umeme, tunaliacha kwa rafiki kando ya lami, kisha tunamalizia safari ya nyumbani juu ya pikipiki ya kukodi, tope mpaka magotini. Chombo chetu chatupeleka tezi na omo, ngamani hakifiki.

Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi tulivyolichagua gari hilo, jinsi tulivyokaa nalo, na somo tulilolipata. Twasema mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu kuchagua chombo ni jambo la utamaduni kama kulivyo kuchagua vazi au ngoma. Anayechagua hujulisha anachokithamini, hata asiposema neno.

Wapo watu wapendao kuonekana ndani ya gari, na wapo wapendao kuliendesha. Sisi tu wa kundi la pili, na ugonjwa huo tumeurithi. Marehemu baba hakuwa na gari maishani mwake, lakini alipenda kutusimulia habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka ya 1960 yalikuwa yakipita pia katika nchi yetu. Jina alilolitaja kwa heshima lilikuwa Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa dogo, la abiria, lisilo na makuu, nalo lilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Baba alikuwa akisema kwamba gari lile lilishinda kwa kuwa lilifika. Maneno hayo tuliyasikia tukiwa watoto, lakini maana yake hatukuizingatia mpaka tulipokwisha kuota mvi.

Yafaa tukiri pia hofu tuliyokuwa nayo. Baada ya uhuru lilizuka katika Afrika Mashariki neno Wabenzi, nalo liliwataja wakubwa waliojitenga na umma ndani ya Mercedes-Benz zao. Nchini kwetu Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wakae mbali na ubepari. Sisi tulilelewa katika kivuli cha mafundisho hayo. Mtumishi wa serikali anunuapo gari la fahari, jirani ana haki ya kuuliza fedha zimetoka wapi. Basi na tujibu kabla ya kuulizwa. Zilitoka katika akiba ya miaka mingi ya kazi, katika kiwanja tulichokiuza Babati, na katika maksai sita tulioachiwa na baba. Mama aliridhia maksai wauzwe. Hakusema mengi, alitutazama tu, akasema, "Wewe ndiwe mwenye nyumba sasa, mwanangu."

Ilikuwa mwaka 2023. Tulichagua kama mwanafunzi ajiandaaye kwa mtihani. Tulisoma kwamba gari la umeme si jambo geni duniani: mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa ndani ya gari, na gari lake liliendeshwa kwa betri. Tulisoma habari za Tesla Model S, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 na kuwaonyesha watu kwamba umeme waweza kuwa na mbio. Tulisoma habari za Porsche Taycan ya mwaka 2019, ambayo mota yake ya nyuma ina gia mbili, ilhali magari mengi ya umeme yana moja tu. Tulisoma habari za Mercedes-Benz EQS ya mwaka 2021, yenye betri ya uniti zinazokaribia 108, yaani umeme wa kuitosha nyumba ya kawaida kijijini kwa wiki nyingi. Tulifurahi kusoma kwamba hata jirani zetu wamejaribu: wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliunda Kiira EV ya viti viwili mwaka 2011, na mwaka 2014 wakatoa Kiira EV Smack, gari la watu watano lenye betri pamoja na injini ndogo ya petroli ya kuisaidia.

Gari tulilolinunua lilikuwa limekwisha kutumika ng'ambo, nalo lilishushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Jina lake hatulitaji, kwa maana insha hii si tangazo la biashara. Tuliulizia mbio zake, betri yake, ngozi ya viti vyake na sauti ya redio yake. Swali moja hatukuliuliza: barabara ya kwetu italisemaje?

Hapana budi tuseme ukweli kuhusu utamu wake. Kutoka Arusha kupita Makuyuni, Magugu na Babati hadi Katesh ni lami, nasi hatujapata kuonja safari ya namna ile. Mota ya umeme haingoji izunguke kwa kasi ndipo itoe nguvu, kama ifanyavyo injini ya petroli. Ukikanyaga tu, nguvu yote iko chini ya unyayo. Betri yenye uzito mkubwa imelazwa sakafuni, hivyo gari hushika kona kana kwamba limeota mizizi. Ukiinua mguu mteremkoni, mota hugeuka kuwa jenereta, gari likapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme betrini. Kwa mpenda usukani hiyo ni elimu mpya, kwani mteremko ambao zamani ulikula breki sasa hulisha betri. Siku ile tulipouona Mlima Hanang umetangulia mbele yetu, tulijiona tumefika kilele cha matamanio yetu.

Lami ikaisha. Mwezi Machi uliofuata tulijasiri kulipeleka nyumbani baada ya siku mbili za jua. Tumbo la gari lile liko juu ya ardhi kwa sentimita 14 hivi, na tumbo hilo ndilo betri yenyewe. Udongo wa mbuga nao, kama ajuavyo kila mtu wa Hanang, hukauka juu ukabaki uji chini. Tulizama kabla ya kufika. Nguvu zote zile zilizotufurahisha ziligeuka balaa, maana kila tulipokanyaga, magurudumu yalichimba kaburi lao wenyewe. Jirani alileta maksai wanne na mnyororo, wakatuvuta taratibu hata tukatoka.

Mzee mmoja wa Kidatoga aliyekuwa akipita na mifugo yake alisimama kutazama. Gari lilipotoka, aliupiga ubavu wake kwa kiganja, kama apigavyo mtu ubavu wa ng'ombe mnadani, akauliza, "Linakula nini, ndugu yangu?" Tukamjibu kwamba linakula umeme. Akatikisa kichwa kwa adabu, akauliza tena, "Na ndama wake atakuwa wa rangi gani?" Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Usiku mama alitutilia uji, akasema kwa sauti ya chini, "Maksai wa baba yako hawakupata kukwama pale." Hatukuwa na jibu. Tulilala tukiwa na deni.

Tangu siku ile tulijifunza kulitumia gari kwa majira. Katika masika hulala Katesh. Mwezi Julai, ardhi ikiwa imekauka kama jiwe, tulilileta nyumbani kwa mwendo wa mtu anayekimbia, tukishuka mara kwa mara kukagua mawe. Fundi alituwekea waya mnene na kuupeleka mmoja ardhini. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za vijijini, yaweza kulipa gari uniti mbili tu kwa saa. Kwa usiku wa saa kumi hupatikana uniti 20, nazo hutosha mwendo wa kilomita 100 hivi katika barabara nzuri. Kuijaza betri yote huchukua usiku minne au mitano. Tulijifunza subira ya mfugaji, ambaye hamkamui ng'ombe asiyepumzika.

Mama aliuliza umeme huo hutoka wapi. Tulimweleza habari za bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024; tukamweleza kwamba petroli yote hununuliwa nje, lakini maji ya Rufiji ni yetu. Akatafakari. Kwa Kiiraqw jua na Mungu huitwa kwa neno moja, Lo'a. Akasema, "Maji hupandishwa na jua, yakashuka kuwa mvua. Basi chakula chake kinatoka kwa Lo'a." Walimu wa fizikia watakubali kwamba hakukosea.

Asubuhi tulimpakia tukaelekea Katesh. Yeye amepanda mabasi na malori maishani mwake, na ndani ya vyombo hivyo mtu hupiga kelele ili asikiwe. Safari hii, vioo vikiwa wazi, alisikia kware vichakani na kengele za mbuzi. Akaanza kuzungumza. Alituonyesha mahali walipochimba kisima mwaka wa njaa, na mti ambao baba alimngoja chini yake kabla hawajaoana. Tulikuwa tumepita hapo tangu utoto, wala hatukuwa tumesikia habari hizo. Tulimiliki viti vya ngozi na mbio nyingi, lakini anasa kubwa ya gari lile ilikuwa ukimya uliomruhusu mama kusema.

Lilibaki swali la mzee. Tulipokuwa na gari la petroli, kila mwezi tulitumia fedha nyingi zaidi ya tunazotumia sasa kununua umeme wa LUKU. Tuliamua tofauti hiyo isiliwe. Huwekwa kando, na ikitimia hununuliwa mtamba. Hadi leo wamepatikana wawili, mmoja mweusi na mmoja wa madoa. Tulipokutana na mzee yule mnadani tulimwambia rangi za ndama wake. Alicheka, kisha akatukumbusha kwamba gari linazeeka na mtamba anakua. Ni kweli: betri hupungua uwezo mwaka hadi mwaka, na mbadala wake ni ghali mno. Maksai sita hatujawarudisha, na pengine gari litachoka kabla deni halijaisha.

Ndugu vijana, hatuwakatazi kupenda kilicho bora. Taifa lisilotamani mambo bora halisongi mbele, na katika ardhi yetu imo nikeli ya Kabanga na kinywe ya Mahenge, madini yanayotakiwa kwa betri za dunia. Yamkini ninyi ndio mtakaounda chombo kinachostahimili udongo wa mbuga. Lakini siku mtakayosimama mbele ya chombo kinachong'aa, kabla ya kuulizia mbio zake ulizeni kama kitafika kwenu, kitakula nini, nani atapanda pamoja nanyi, na kitazaa nini. Sisi tuliuliza tulipokwisha kuuza maksai. Ninyi bado mnao.